Zimwi Lisilokujua

Alfajiri moja mwishoni mwa miaka ya 1970, mvuvi wa Kigombe, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Tanga, alirudi pwani peke yake katika ngalawa iliyotoka jioni na watu wawili. Wazee waliokuwa mchangani wakisubiri samaki walimuuliza alipo mdogo wake. Alijibu kwa neno moja: "Kulitutazama." Kisha akakaa chini, akaanza kukunja mishipi. Yalikuwa majira ya tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Bahari ilikuwa shwari na mwezi haukuwepo. Ngalawa ilikuwa nzima, tanga zima, karabai ingali inawaka ilhali kumekwisha pambazuka. Mwili wa yule mdogo haukuonekana siku hiyo wala baadaye. Iliswaliwa sala ya ghaibu. Kijana hakuwa ameoa. Aliyebaki kumlilia ni mama yake.

Kijiji hakiwezi kukaa muda mrefu na neno moja. Waliojua bahari walisema ni papa. Waliojua mambo ya waganga walisema kachukuliwa na jini wa kilindi. Na kwa kuwa palikuwa na shamba la minazi ambalo ndugu hao wawili walilirithi na halijagawanywa, walikuwapo pia waliosema jambo la tatu, kwa sauti ya chini, nyakati ambazo mvuvi mwenyewe hakuwepo barazani. Yeye hakumjibu yeyote. Alipobanwa alilirudia neno lake lile lile bila kulirefusha, hata watu wakachoka kumuuliza, ingawa hawakuchoka kumshuku.

Binti yake, ambaye wakati huo hakuwa ameanza shule, leo ni mtu mzima aishiye Leicester, Uingereza. Kwa miaka kadhaa amekuwa akiandika hadithi juu ya usiku ule. Hakutaka kuandika kumbukumbu, maana hakuwepo, na aliyekuwepo hasemi. Alichagua utanzu ambao Waingereza na Wamarekani wameulea kwa zaidi ya karne moja: hadithi ya kutisha ambayo hofu yake haitoki kwa mzuka wa marehemu wala kwa muuaji mwenye kisu, bali kwa ukubwa wa ulimwengu wenyewe, na kwa viumbe wakubwa mfano wa miungu ambao akili ya binadamu haiwezi kuwafikia. Ameiandika hadithi hiyo mara tatu. Rasimu mbili za mwanzo zilishindwa, na kushindwa kwake kunaeleza ugumu wa kazi hii kuliko kanuni nyingi za uandishi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na jini. Hilo lilikuwa jambo la kutarajiwa: mtu wa pwani anapotafuta kiumbe kisichoonekana, jini ndiye anayejitokeza wa kwanza. Lakini kadiri binti alivyoandika, ndivyo hofu ilivyopungua, na sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo. Pepo wa Waswahili wana makabila. Yuko kibuki aliyetoka Bukini, yuko ruhani wa Kiarabu, yuko habeshia. Kila mmoja ana jina lake, nguo zake, manukato yake na chakula chake. Anapopanda kichwani mwa kiti wake huulizwa anataka nini, naye husema. Huahidiwa, hupewa, huondoka, na asipopewa hurudi kudai. Ni jirani mgumu, lakini ni jirani. Rasimu ile iliishia pale ambapo hadithi zote za namna hiyo huishia: kwa mganga, kwa chano, kwa mapatano. Ilikuwa hadithi ya deni. Mvuvi wa Kigombe hakurudi na deni. Kama angalikuwa nalo angalilipa.

Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu huitumia kwa maana ya kwamba adui wa karibu ana huruma kidogo, au kwamba ubaya uliozoeleka una nafuu. Lakini ndani yake mna nadharia nzima ya hofu. Usalama wa mwanadamu mbele ya zimwi hautokani na yeye kulijua zimwi. Unatokana na zimwi kumjua yeye. Linajua jina lake na jina la mama yake, limemwona akikua, na kwa hiyo hata likimla litabakiza kitu. Hadithi za kutisha za kijadi, za Waswahili na za mataifa mengine, zimejengwa juu ya msingi huo. Mzuka humrudia aliyemdhulumu. Shetani huja kununua roho, na mnunuzi hupima thamani ya bidhaa. Hata laana ni namna ya kutambuliwa.

Mtu aliyeuondoa msingi huo kwa ukamilifu zaidi ni Howard Phillips Lovecraft, mwenyeji wa Providence, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1890 na kufariki 1937. Lovecraft hakuamini Mungu wala roho. Aliusoma ulimwengu wa wanafalaki wa zama zake, wenye umri na umbali usiohesabika kwa vidole, akajiuliza ingekuwaje ikiwa ndani ya ukubwa huo wamo viumbe ambao kwao mwanadamu si mpenzi wala adui. Katika "The Call of Cthulhu", hadithi aliyoiandika mwaka 1926 na iliyochapwa katika jarida la Weird Tales mwaka 1928, Cthulhu amelala katika mji uliozama chini ya bahari ya Pasifiki. Wako wanaomwabudu, lakini hakuna dalili kwamba ibada yao inamnufaisha au hata kumfikia. Atakapoamka, dunia itaangamia, kama kichuguu kinavyoangamia mtu anapojenga nyumba. Huyo ndiye zimwi asiyemjua mtu.

Hapa binti wa mvuvi alikutana na tatizo ambalo mwandishi asiye na dini hakulipata. Mama yake, alipoambiwa kwa simu kwamba hadithi ina kiumbe mfano wa mungu, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, tahadhari na maneno yako." Onyo hilo lilimsaidia kuliko vitabu. Mtoto wa chuoni hufundishwa mapema kwamba dhati ya Mwenyezi Mungu haifikiwi na akili ya kiumbe. Kutojulikana, basi, si jambo geni kwa Mwislamu, na wala si jambo la kutisha, kwa sababu Yeye asiyefikiwa na akili ndiye Al-Alim, Mwenye kujua kila kitu. Ghaibu ni ghaibu kwa watu tu. Sala iliyoswaliwa Kigombe ilielekezwa kwa Mwenye kujua alipo yule kijana. Kwa hiyo kiumbe cha hadithi za aina hii si mungu mwingine anayeshindana na Mungu. Ni kinyume cha uungu: kina ukubwa na umri, lakini hakina ujuzi wa mtu wala haja naye. Hofu huzaliwa pale mambo mawili yanapokutana, kutojulikana na kutojua. Likikosekana la pili, kinachobaki ni fumbo, na watu wamekuwa wakiishi na mafumbo kwa amani tangu zamani.

Baada ya kulielewa hilo, binti aliandika rasimu ya pili, na humo akaanguka katika shimo jingine. Jini aliondoka. Mahali pake palikuwa na kiumbe kilichotoka anga za mbali kabla ya kuumbika kwa Mkondo wa Pemba. Kilipewa urefu, idadi ya macho, rangi ya ngozi, jina lenye herufi ngumu, na sababu ya kuja duniani. Mwenzake mmoja aliisoma, akamwambia ameielewa yote, na kwamba usiku ule alilala usingizi mzuri.

Shimo hilo lina historia. Lovecraft alipofariki, rafiki yake August Derleth alifanya kazi kubwa ya kuhifadhi maandishi yake, na mwaka 1939 akaanzisha pamoja na Donald Wandrei kampuni ya Arkham House ili yachapwe. Bila yeye huenda hadithi hizo zingepotea pamoja na majarida ya bei nafuu yaliyozibeba. Lakini Derleth alipoandika hadithi zake mwenyewe katika ulimwengu ule, alivipanga viumbe kwa mafungu ya ardhi, maji, hewa na moto, akavigawa katika pande za wema na ubaya. Cthulhu akawa kiumbe cha maji. Alichokuwa amekiacha mwenzake katika giza, yeye alikipa daftari. Mwaka 1980 kitabu cha mchezo wa Dungeons & Dragons kilifika mwisho wa njia hiyo: kilimworodhesha Cthulhu pamoja na miungu ya mataifa na kumpa alama za uhai, yaani idadi ya mapigo yanayotosha kumwua. Kinachohesabika huuawa.

Wasomaji wengi hudhani dawa ya kosa hilo ni kutosema lolote. Lovecraft mwenyewe, katika kurasa zake dhaifu, hukimbilia huko: hurundika vivumishi vinavyosema kwamba jambo halisemeki. Mbinu hiyo hushindwa haraka katika lugha yoyote. Kuandika kwamba kiumbe "hakielezeki" ni kutoa hukumu bila ushahidi, na msomaji, kama hakimu mwema, huikataa. Katika kurasa zake imara Lovecraft hufanya jambo tofauti kabisa. Cthulhu humfikia msomaji kwa vipande vitatu: kinyago cha udongo kilichochongwa na kijana aliyeota, taarifa ya mkaguzi wa polisi wa New Orleans kuhusu watu waliokamatwa kinamasini, na maandishi ya baharia mmoja wa Norway aitwaye Johansen. Kila kipande kina tarehe, mahali na mtu mwenye kazi yake. Hakuna aliyeona kitu kizima. Upungufu ni wa mashahidi, na kila shahidi anaeleza sehemu yake kwa usahihi.

Hivyo ndivyo ilivyo pia katika "The Willows", hadithi ya Algernon Blackwood ya mwaka 1907 ambayo Lovecraft aliisifu mno. Wasafiri wawili wanapiga kambi katika kisiwa cha mchanga mtoni Danube wakati wa mafuriko. Kuna mashimo madogo mchangani yenye umbo la faneli. Kuna kafi moja iliyopotea, mtumbwi uliochanika, sauti kama ya upatu isiyotoka upande wowote. Kisiwa kinazidi kumeguka. Mtu angeweza kuyaandika hayo yote katika fomu ya bima, na bado usiku huo asingelala.

Na iko "The Colour Out of Space" ya mwaka 1927, ambayo Lovecraft aliihesabu miongoni mwa kazi zake bora. Kimondo kinaanguka katika shamba la familia moja, na ndani yake mna rangi isiyokuwamo katika rangi za upinde wa mvua. Mazao yanakua makubwa na hayaliki. Ng'ombe wanageuka kijivu na kumeguka. Watu wa nyumba ile wanakwisha mmoja mmoja. Msomaji hamwoni adui. Anaona matunda yake. Mswahili anayeisoma hadithi hiyo ana faida ambayo Mwingereza hana. Ukiacha nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi nyingi za Kiswahili hutajwa kwa kufananishwa na vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda lake. Katika lugha hii kuona rangi ni kukumbuka kitu. Rangi isiyofanana na chochote si rangi ngeni tu. Ni rangi isiyoweza kutamkwa, na anayeiona hubaki amefungua mdomo, akitafuta mfano.

Jambo hilo la lugha ndilo lililomrudisha binti kwenye neno la baba yake. Kiingereza kina kiwakilishi kifupi kinachofaa kwa jiwe, kwa mvua na kwa kitu kisichojulikana, na mwandishi anaweza kujificha nyuma yake kurasa kumi. Kiswahili hakitoi maficho hayo. Kila kitenzi hudai kiambishi cha ngeli, na kiambishi hicho kinajua mapema kinazungumzia nini. Katika rasimu ya kwanza aliandika "alitutazama", na mara kiumbe kikawa na uhai, nia, na pengine ndevu. Katika ya pili aliandika "kilitutazama", na kiumbe cha kabla ya bahari kikawa kitu, kikanywea, kikakaribia kuingia katika chupa. Alijaribu "lilitutazama". Likaja dubwana, likaja zimwi la hadithi za bibi, na wasomaji waliolelewa na hadithi hizo wangetabasamu. Alikuwa akitafuta ngeli ya kitu kisichokuwa na ngeli, kumbe baba yake alikwisha kuipata asubuhi ile ile, akiwa hajavua nguo zilizolowa chumvi.

Kulitutazama. Hiyo ni ngeli ya mahali, na mabaharia huitumia kutwa nzima. Kumekucha, kumetulia, kumechafuka. Hakuna anayeuliza nani amechafuka. Mvuvi alikichukua kiambishi kilichozoeleka kuliko vyote, akakifunga kwenye kitenzi kinachohitaji macho. Tena katika ngeli hiyo ya mahali alichagua kwa makini. Angesema "palitutazama", pangekuwa mahali mahsusi, na wazee wangemwambia awapeleke. Angesema kwa ngeli ya ndani, neno lingetoka "mlitutazama", na wasikilizaji wangedhani wanashtakiwa wao. Alichukua ku-, mahali pasipo mpaka. Hakusema kuna kitu baharini kilichowatazama. Alisema kule kwenyewe, giza na maji na kilindi, kuligeuka kuwa mtazamo. Pengine hakuchagua kwa fikira. Shahidi mkweli husema alichokiona kwa sarufi iliyopo, na sarufi ikichanika, mchaniko huo ndio ushahidi wake.

Hata hivyo binti hakuikubali mara moja. Alikuwa na tumaini jingine la zamani. Mwaka 1938, mwaka mmoja baada ya Lovecraft kufariki, samaki wa ajabu alipatikana katika nyavu huko East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo akatambua kwamba si samaki wa kawaida. Alikuwa silikanti, wa ukoo uliodhaniwa kuwa umetoweka duniani pamoja na dainosaria, yapata miaka milioni 65 iliyopita. Kuanzia mwaka 2003 samaki huyo alianza kunaswa Tanzania pia, hususan pwani ya Tanga, katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji marefu, hata mwaka 2009 ikaundwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Binti alikuwa likizoni nyumbani mmoja alipolazwa mchangani Kigombe: mkubwa kama mtu, mwenye magamba mazito yenye madoa meupe, na mapezi ya nyama yaliyofanana na viungo. Alimpeleka baba yake amwone. Alitaka, ingawa hakusema, kwamba kijiji kizima kimwone mzee akimwona. Kama kilindi kilikuwa na kiumbe cha namna hii ambacho wataalamu waliapa hakipo, nani angethubutu tena kulitaja lile shamba la minazi?

Mzee alichuchumaa, akamgusa samaki kichwani. "Huyu mwenzetu tu," alisema. "Naye anakaa huko huko."

Alitumia ngeli ya viumbe hai, bila kusita. Na alikuwa sahihi kwa namna ambayo wataalamu wa mwaka 1938 wangeielewa baadaye, maana wavuvi wa Ngazija na Nzwani walikuwa wakimvua samaki huyo na walikuwa na jina lake, gombesa, kabla ya habari kuwafikia kwamba ametoka katika wafu. Ugeni wake ulikuwa wa makumbusho, haukuwa wa bahari. Kiumbe kigeni ni yule ambaye hajaulizwa jina. Kisichojulikana ni kile ambacho swali halikifikii.

Tofauti hiyo ndiyo aliyoshindwa kuiona Lovecraft, na humo ndimo mna aibu ya kazi yake. Alipoishi Brooklyn kati ya 1924 na 1926, mtaani mwake kulijaa wahamiaji wa mataifa mengi, na chuki aliyoibeba tangu Providence iliwaka. "The Horror at Red Hook", iliyochapwa mwaka 1927, inawafanya wahamiaji hao kuwa mlango wa mashetani. Katika "The Call of Cthulhu" profesa mzee anakufa baada ya kusukumwa na mtu mweusi mwenye sura ya ubaharia. Johansen, aliyebaki hai peke yake kati ya mabaharia wenzake na kuificha kweli hata kwa mke wake, anaangushwa mjini Oslo na fungu la karatasi kutoka dirishani. Malaskari wawili wanamsaidia kusimama, naye anakufa kabla gari la wagonjwa halijafika. Hadithi haisemi walifanya nini. Inatosha kwamba walikuwepo, na kwamba ni mabaharia wa Bahari ya Hindi.

Binti wa mvuvi aliisoma sehemu hiyo usiku wa baridi mjini Leicester na kuliona jambo ambalo huenda mwandishi wake hakulikusudia. Baba yake alikuwamo mara mbili. Alikuwa Johansen, aliyerudi peke yake na neno lisiloelezeka. Na alikuwa laskari, mtu mweusi wa baharini ambaye kuwapo kwake karibu na kifo ni ushahidi wa kutosha dhidi yake. Kigombe ilimfanyia kwa sababu ya minazi kile Lovecraft alichowafanyia mabaharia kwa sababu ya ngozi. Pande zote mbili, zilipokutana na jambo lisiloelezeka, zilimtafuta mtu wa kulibeba. Mwandishi aliyejenga utanzu mzima juu ya wazo kwamba ulimwengu haumjali mwanadamu alilikimbia wazo lake mwenyewe kila alipomwona mgeni, akataka ubaya uwe na sura, na sura hiyo iwe ya jirani.

Waliokuja baadaye wamelisema hilo waziwazi. Victor LaValle, aliyelelewa Queens na mama mhamiaji kutoka Uganda, aliiandika upya hadithi ya Red Hook mwaka 2016 katika riwaya fupi iitwayo "The Ballad of Black Tom". Shujaa wake ni kijana mweusi wa Harlem. Baba wa kijana huyo anapigwa risasi na mpelelezi mzungu anayedai kwamba gitaa lililokuwa mikononi mwa mzee lilionekana kama bunduki. Baada ya hapo kiumbe cha kilindini kinapoteza vitisho vyake machoni pa mwana. Aliyezoea kuchukiwa kila siku anaweza kuiona hali ya kutojaliwa kuwa nafuu. LaValle hakukifanya kiumbe kiwe kidogo. Alibadilisha shahidi, na kipimo kizima kikabadilika. Kutojulikana hakumo ndani ya kiumbe pekee. Kumo katika umbali baina ya kiumbe na aliyesimama mbele yake, na kila shahidi husimama na maisha yake.

Rasimu ya tatu ina kurasa kumi na moja. Haina jini, haina jina la kiumbe, haina macho yaliyohesabiwa. Ina ndugu wawili ambao hawajagombana, na shamba la minazi linatajwa katika ukurasa wa kwanza, wazi, ili mtu asije akalinong'ona. Ina chubwi inayoshuka mahali ambapo mzee alipajua kina chake tangu ujana, na mshipi unaozidi kwenda baada ya kina hicho kwisha. Ina sauti ya maji ubavuni mwa ngalawa, na mstari ambamo sauti hiyo inakoma. Ina mdogo mtu anayeinua karabai ili aone, kisha anaishusha polepole, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta watu wamelala. Kaka yake anageuka kukata kamba ya nanga. Anapogeuka tena, karabai imekaa vizuri juu ya ubao, na nafasi ya pili katika ngalawa haina mtu. Kisha linakuja lile neno moja, na hadithi haina la kuongeza.

Rasimu hiyo haimtakasi mzee. Rasimu mbili za mwanzo zingemtakasa, kwa jini au kwa dubwana, na kila moja ingemtakasa kwa uongo. Binti alilifahamu hilo kabla ya kuisoma kwa simu jioni ya Ijumaa, na akaisoma hivyo hivyo, yote, polepole, kwa kuwa mzee hasikii vizuri tena. Alipomaliza, upande wa pili palikuwa na kimya kirefu, na nyuma yake jogoo wa jirani asiyejua saa.

"Umesema mshipi wa pima sitini," mzee alisema hatimaye. "Ulikuwa wa sabini. Sitini ulikuwa wangu. Wa sabini ulikuwa wa marehemu, aliusokota mwenyewe."

Binti alichukua kalamu, akasahihisha. Alisubiri kama kuna jingine. Mzee aliuliza habari za wajukuu, akauliza kama baridi imeanza huko, akaomba dua, akakata simu.

Lile neno hakuligusa.